Kizazi Kikishuka: Jinsi Akina Mama Wanavyoweza Kubebana Hadi Kupona

Kuna ugonjwa ambao mwanamke anaweza kuishi nao miaka kumi bila mtu mwingine nyumbani kuujua. Anapika, analima, anachota maji, anahudhuria harusi na matanga kama wenzake. Lakini jioni ikifika anahisi uzito chini ya tumbo, kama kitu kinachotaka kuanguka. Akichuchumaa msalani anagusa uvimbe laini kwenye mlango wa uke. Usiku akilala, uvimbe unarudi ndani. Asubuhi akijitwika mtungi wa maji, unatoka tena.

Ugonjwa huu ni kushuka kwa kizazi. Hauambukizwi, hautokani na uchawi wala laana, na si dalili ya uzinzi. Zaidi ya yote, una matibabu. Kinachowazuia akina mama wengi kuyapata ni aibu, uchache wa habari na, jambo lisilotajwa sana, kukosa mtu wa kuwashikia kazi za nyumbani wakati wa kupona.

Makala haya yameandaliwa kama somo. Yanaweza kusomwa na mtu mmoja au kusomwa kwa sauti kwenye mkutano wa chama, kikundi cha akina mama, jumuiya ya kanisa au darasa la msikitini. Mwishoni kuna maswali ya kujadili.

NI NINI HASA KINACHOSHUKA?

Fikiria kitanda cha kamba. Kamba zikiwa zimekazwa vizuri, mtu hulala na kitanda hakibonyei. Miaka ikipita, au uzito ukizidi, kamba hulegea na kilicho juu yake huanza kuning'inia.

Ndani ya nyonga ya mwanamke kuna misuli na kano zinazofanya kazi kama kamba hizo. Juu yake kumekaa viungo vitatu: kibofu cha mkojo mbele, kizazi katikati, na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana nyuma. Misuli na kano zikilegea au kuchanika, kiungo kimoja au zaidi huteremka na kusukuma ukuta wa uke. Ndiyo maana mwanamke mmoja huona shida zaidi kwenye mkojo, mwingine kwenye haja kubwa, na mwingine huhisi kizazi chenyewe kikitokeza. Hata mwanamke aliyeondolewa kizazi zamani anaweza kupata tatizo hili, kwa sababu sehemu ya juu ya uke nayo huweza kuteremka.

Wahudumu wa afya hupima ukubwa wa tatizo kwa madaraja manne. Katika daraja la kwanza kiungo kimeshuka kidogo na mwanamke huenda asihisi chochote. Daraja la pili kimefika karibu na mlango wa uke. Daraja la tatu kimetokeza nje. Daraja la nne kimetoka nje chote. Daraja husaidia kuamua tiba, lakini linalopewa uzito zaidi ni jinsi tatizo linavyomsumbua mwenyewe.

KWA NINI HUTOKEA?

Mara nyingi sababu huwa zaidi ya moja, nazo hujumlishana:

Kuzaa kwa njia ya kawaida mara nyingi, hasa uchungu ukiwa mrefu, mtoto akiwa mkubwa, au mama akisukuma kabla njia haijafunguka kikamilifu.

Umri na kukoma hedhi. Homoni inayosaidia kuimarisha tishu za uke hupungua, na tishu huwa nyembamba na dhaifu zaidi.

Kuinua na kubeba mizigo mizito miaka mingi: maji, kuni, makaa, magunia ya mahindi, matofali.

Kikohozi kisichokwisha, kufunga choo kwa muda mrefu, na unene uliopita kiasi. Yote haya husukuma viungo kuelekea chini siku baada ya siku.

Maumbile ya kuzaliwa. Wako wanawake wenye tishu dhaifu kwa asili, na tatizo huonekana kwa mama, binti na dada.

Ndiyo maana kumlaumu mgonjwa hakuna msingi. Mama aliyezaa watoto saba na kuchota maji bwawani kwa miaka thelathini hakufanya kosa. Mwili wake umechoka kwa kazi ambayo familia nzima imeishi kwayo.

DALILI, NA TOFAUTI YAKE NA FISTULA

Dalili za kushuka kwa kizazi ni uzito au mvuto chini ya tumbo unaozidi jioni na kupungua mtu akilala; uvimbe kwenye uke; maumivu ya kiuno; mkojo kuponyoka mtu akikohoa au kucheka; kukojoa kwa shida au kuhisi kibofu hakijaisha; kushindwa kumaliza haja kubwa; na maumivu au usumbufu wakati wa kukutana na mume. Sehemu iliyotokeza ikisuguana na nguo, inaweza kupata vidonda na kutoa damu.

Watu wengi huchanganya tatizo hili na fistula. Fistula ni tundu kati ya uke na kibofu au kati ya uke na njia ya haja kubwa. Aghalabu hutokana na uchungu uliokwama bila msaada, na mkojo au kinyesi hutiririka bila kuzuilika mchana na usiku. Kwenye kushuka kwa kizazi hakuna tundu. Fistula nayo hutibika, na dunia huadhimisha siku ya kuitokomeza kila tarehe 23 Mei. Mwanamke mwenye dalili za aina yoyote kati ya hizi anastahili kupimwa, hata kama hajui ni ipi.

Jambo moja la kuzingatia: damu kutoka ukeni baada ya hedhi kukoma, au baada ya kujamiiana, isidhaniwe kuwa ni kizazi kilichoshuka tu. Inahitaji uchunguzi wa haraka, ukiwemo wa saratani ya mlango wa kizazi.

MATIBABU YALIYOPO

Tiba hufuata daraja la tatizo, umri, afya ya jumla, na kama mwanamke bado anataka kuzaa. Kuna njia tatu kuu.

Ya kwanza ni mazoezi ya misuli ya nyonga. Yalipata umaarufu kupitia daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliyeyaandikia mwaka 1948, na hadi leo huitwa kwa jina lake. Mwanamke hukaza misuli kana kwamba anazuia mkojo na hewa kwa wakati mmoja. Hukaza huku akihesabu hadi tano, kisha hulegeza huku akihesabu hadi tano. Hurudia mara kumi, asubuhi, mchana na usiku. Wakati wa zoezi apumue kama kawaida, asikaze tumbo wala makalio. Asiyafanye akiwa anakojoa, kwani kukatiza mkojo mara kwa mara si vizuri kwa kibofu. Matokeo huhitaji uvumilivu wa miezi mitatu au zaidi. Mazoezi husaidia zaidi madaraja ya mwanzo, na hayawezi kurudisha ndani kizazi kilichotoka chote.

Ya pili ni pete ya uke, iitwayo pesari. Ni kifaa laini, mara nyingi cha silikoni, ambacho mhudumu aliyefunzwa hukipima na kukiweka ndani ya uke ili kishikilie viungo. Wazo lenyewe ni la kale: matabibu wa Ugiriki ya zamani waliandika kuhusu kutumia nusu ya komamanga kwa kazi hiyo hiyo. Pete ya leo ni safi na salama ikifuatiliwa. Wanawake wengine hufundishwa kuitoa, kuiosha na kuirudisha wenyewe. Wengine hurudi kliniki kila baada ya miezi michache. Pete iliyosahaulika ndani kwa miaka huweza kuleta vidonda, kwa hiyo tarehe ya kurudi isipuuzwe. Inawafaa wanaosubiri upasuaji, wanaotaka kuzaa tena, na wale ambao upasuaji ni hatari kwao.

Ya tatu ni upasuaji. Daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake hukaza na kushona kuta za uke zilizolegea, na kulingana na hali anaweza kuondoa kizazi au kukiacha na kukitundika mahali pake. Mara nyingi hufanywa kupitia ukeni, bila kupasua tumbo, na mgonjwa huweza kupewa ganzi ya mgongo. Wengi hukaa hospitalini siku chache tu. Mwanamke anayetaka kuzaa tena amweleze daktari mapema, kwani kwa kawaida hushauriwa kusubiri au kutumia njia nyingine kwanza.

Kuna pia yasiyo matibabu. Kuingiza dawa za mitishamba, chumvi, majivu au vitambaa ukeni hakurudishi kizazi, bali huchoma na kuleta maambukizi.

HESABU AMBAYO DAKTARI HAIANDIKI

Upasuaji huchukua saa chache. Kupona huchukua wiki sita au zaidi, na katika muda huo mgonjwa huambiwa asiinue kitu kizito. Kwa maneno ya nyumbani, asinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai lililojaa. Nyuzi na tishu mpya zinahitaji muda kushikana. Zikivutwa mapema, tatizo linaweza kurudi.

Sasa chukua mfano wa boma moja linalotumia mitungi minne ya lita 20 kwa siku. Mtungi mmoja uliojaa una uzito wa kilo 20 hivi. Wiki sita ni siku 42. Mara mitungi minne, hiyo ni mitungi 168. Kwa uzito, ni kilo 3,360: zaidi ya tani tatu za maji.

Tani hizo tatu lazima mtu azibebe. Kama hakuna aliyepangwa, mama atazibeba mwenyewe. Atajaribu wiki ya kwanza kuomba jirani, wiki ya pili ataona haya, wiki ya tatu atachukua mtungi nusu, na kabla ya wiki ya nne atakuwa amerudi kwenye njia ya bwawani. Mama huyo hakupuuza daktari. Alikosa mikono.

Sasa gawanya mitungi ile 168 kwa wanakikundi kumi na wawili. Kila mmoja anapata mitungi 14 kwa muda wote wa wiki sita, yaani miwili au mitatu kwa wiki. Mzigo ambao ungeweza kuharibu upasuaji wa mtu mmoja unakuwa jambo dogo ukigawanywa kwa wengi. Kwenye maeneo makavu ya Ganze na Magarini, ambako maji huwa mbali na nyumbani, hesabu hii ina maana kubwa kuliko dawa nyingi.

KAZI YA KIKUNDI, HATUA KWA HATUA

Karibu kila kijiji, kutoka Rabai na Kaloleni hadi Malindi, akina mama tayari wana vyama vya kuweka na kukopa. Wanazikana, wanaozana na kusomeshana watoto. Kumsaidia mwenzao apone ni kuongeza ukurasa kwenye daftari ambalo tayari lipo.

Hatua ya 1: Kufungua mazungumzo. Hakuna atakayesimama mkutanoni kusema kizazi chake kimetoka. Njia rahisi ni kumwalika nesi wa zahanati au mhudumu wa afya ya jamii atoe somo kwa wote. Somo likishatolewa, wenye tatizo humfuata mtu mmoja mmoja baadaye. Kikundi kinaweza kuteua mama wawili wenye vifua vya kutunza siri, mmoja mtu mzima na mmoja kijana, wawe wa kuendewa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini anayefunua naye anahitaji kujua anamfunulia nani.

Hatua ya 2: Kutunza siri. Hii ndiyo nguzo. Kikundi kikubaliane mapema kwamba aliyoyasema mgonjwa hayatoki nje, na kwamba mgonjwa ndiye anayeamua nani aambiwe. Kwenye orodha ya zamu inatosha kuandika "mwenzetu anapumzika baada ya matibabu". Picha, jina na habari zake zisipelekwe kwenye makundi ya simu.

Hatua ya 3: Kusindikiza. Safari ya kwanza kliniki ndiyo ngumu kuliko zote. Mwenzake akienda naye, husikiliza maelezo kwa masikio mawili ya ziada, huuliza yaliyosahaulika na hukumbuka tarehe ya kurudi. Chumba cha uchunguzi abaki mgonjwa na mhudumu, isipokuwa mgonjwa mwenyewe akiomba aingie na mwenziwe. Ana haki pia ya kuomba ahudumiwe na mwanamke ikiwa yupo.

Hatua ya 4: Kuchanga. Wanachama kumi na wawili wakiweka shilingi 50 kila mmoja kwa wiki, wanapata shilingi 600. Kwa miezi sita, yaani wiki 26, ni shilingi 15,600. Fedha hizo zinaweza kulipia bima, nauli, pedi, sabuni, na chakula cha mgonjwa na anayemwangalia.

Hatua ya 5: Kupanga zamu kabla ya siku ya upasuaji. Zamu ya maji, zamu ya kuni, zamu ya kufua, zamu ya kupeleka watoto shule au kliniki. Iandikwe kwa majina na siku. Ahadi ya "tutakuja" haichoti maji. Jina lililoandikwa Jumanne huchota.

Hatua ya 6: Aliyepona kumshika mkono anayeanza. Mwanamke aliyetumia pete au kupasuliwa anaweza kumweleza mwenzake mambo ambayo kijitabu hakisemi: kwamba mpira wa mkojo unakera lakini huondolewa, kwamba kutoka majimaji kidogo kwa wiki kadhaa si ajabu, kwamba kulia siku ya tatu bila sababu kuliwahi kumpata na yeye. Mipaka yake ni hii: asimpime mwenzake, asimpe dawa, asimwambie "mimi sikuhitaji upasuaji, na wewe huhitaji". Kila mwili una daraja lake.

WIKI SITA ZA KUPONA

Siku za kwanza: mgonjwa apumzike lakini asilale tu kutwa nzima. Kutembea polepole ndani ya nyumba na uani husaidia damu kuzunguka na kuzuia kuganda miguuni. Anywe dawa alizoandikiwa hadi ziishe.

Choo: kukenya ni adui wa nyuzi. Anywe maji ya kutosha, ale mapapai, maembe, mchicha na mboga nyingine za majani, na maharagwe. Akiwa kwenye choo cha kukaa, aweke miguu juu ya kigoda kidogo. Akifunga choo siku kadhaa, arudi zahanati apewe dawa ya kulainisha badala ya kusukuma kwa nguvu.

Kikohozi: akikohoa au kupiga chafya akaze misuli ya nyonga kwanza na kubana mto tumboni. Kikohozi kisichoisha kitibiwe.

Usafi: aoge kila siku, atumie pedi safi, asiweke chochote ukeni isipokuwa alichoagizwa.

Tendo la ndoa: asubiri kwa kawaida wiki sita, na hadi daktari amkague na kumruhusu.

Kazi: apike vyepesi kadiri anavyopata nguvu. Kulima, kutwanga, kufua mablanketi, kubeba mtoto mkubwa na kujitwika maji visubiri ruhusa ya daktari. Hata baada ya wiki sita arudi kazini kidogo kidogo. Mtungi wa lita 20 ubadilishwe uwe wa lita 10, au upakiwe kwenye mkokoteni au punda. Mazoezi ya nyonga ayaendeleze maisha yote, daktari akisharuhusu ayaanze.

RUDI HOSPITALINI HARAKA UKIONA HAYA

Damu nyingi inayolowesha pedi upesi au kutoka kwa mabonge, homa au kutetemeka, usaha au harufu kali, kushindwa kukojoa, maumivu makali ya tumbo yanayozidi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida. Anayemwangalia mgonjwa azijue dalili hizi na awe na namba ya boda boda au gari la kumpeleka, hata usiku. Kusubiri kuche kunaweza kugharimu maisha.

MUME, MAMA MKWE NA WATOTO

Ndoa nyingi hutikisika kwa sababu ya ukimya. Mke anakwepa chumbani, mume anadhani amechukiwa, na hakuna anayesema. Mhudumu wa afya anaweza, kwa ridhaa ya mke, kumweleza mume kwa lugha rahisi: ni misuli iliyolegea, haiambukizi, inatibika, na wiki sita za kusubiri ni sehemu ya tiba. Mume anayeelewa huwa mstari wa kwanza kwenye orodha ya zamu ya maji. Mtungi hauna jinsia, na mwanamume aliyebeba maji kwa wiki sita hajapungukiwa kitu.

Mama mkwe naye ana nafasi. Huenda yeye mwenyewe alipitia haya bila tiba. Neno lake moja, "pumzika mwanangu", huweza kufunga midomo ya boma zima.

HAKI NA GHARAMA

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwemo huduma ya afya ya uzazi. Kushuka kwa kizazi kumo ndani ya haki hiyo. Nchini Nepal, ambako wanawake wa milimani hubeba mizigo mizito na tatizo hili limeenea, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2008 kwamba haki ya afya ya uzazi ya wanawake hao ilikuwa imekiukwa, na ikaiagiza serikali kuchukua hatua za tiba na elimu. Jambo lililokuwa siri ya msalani likawa suala la sheria.

Hapa nyumbani, safari huanzia zahanati au kituo cha afya. Huko mama huchunguzwa na, ikihitajika, hupewa barua ya rufaa kwenda hospitali yenye daktari bingwa. Aibebe barua hiyo, kitambulisho na kumbukumbu za kliniki za awali.

Bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Usajili hufanywa bila malipo kwa kupiga *147# kwenye simu, au kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii. Kiwango cha chini kwa wasio na mshahara ni shilingi 300 kwa mwezi, sawa na shilingi 3,600 kwa mwaka, na kiasi cha kila familia hutokana na tathmini ya uwezo wake. Kujisajili pekee hakutoshi kwa upasuaji. Michango lazima iwe imelipwa. Mgonjwa aulize dawati la SHA hospitalini, kabla ya tarehe ya upasuaji, bima italipia nini na nini atalipa mwenyewe. Kikundi kile kilichochanga shilingi 15,600, kikilipa mchango wa chini wa mwaka kwa mwenzao, bado hubaki na shilingi 12,000 za nauli na matunzo.

KINGA KWA MABINTI

Si kila kisa kinaweza kuzuiwa, lakini hatari hupungua. Mama mjamzito ahudhurie kliniki na ajifungue kwa mhudumu mwenye ujuzi. Asilazimishwe kusukuma kabla ya wakati, wala asikandamizwe tumbo. Baada ya kujifungua apewe muda wa kupumzika, kama desturi ya arubaini ilivyofundisha siku zote, na aende kliniki ya wiki ya sita. Anapozaa, apishe angalau miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine. Mazoezi ya nyonga yaanze mapema, si baada ya tatizo. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu. Na mabinti wafundishwe kuinua mzigo kwa kupiga magoti na kuuweka karibu na mwili, si kwa kuinama na kuvuta.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE KIKUNDI

1. Mwenzetu akigundua leo kuwa ana tatizo hili, angemwambia nani kati yetu? Kama jibu ni "hakuna", tubadilishe nini?

2. Boma la kila mmoja wetu linatumia mitungi mingapi kwa siku? Piga hesabu ya wiki sita, kisha igawanye kwa idadi ya wanachama.

3. Ni nani ana SHA iliyolipiwa, na nani bado?

4. Zahanati yetu ya karibu ina nesi gani tunayeweza kumwalika, na lini?

Mwenye dalili zilizotajwa asisubiri mkutano. Aende zahanati iliyo karibu naye au amwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake wiki hii. Akiona uzito kwenda peke yake, amguse jirani mmoja anayemwamini, waende wawili.